Mwambie Huyo Bwana

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku ya msiba wa mashine. Usicheke kwamba nakuita mwanangu nami sijaota hata mvi moja. Umekuja karakana yetu hapa Zegereni nikufundishe kazi niliyojifunza kwa kuangalia na kuharibu, na anayekufundisha kazi ni mzazi wako. Kaa usikilize.

Kampuni yetu ilikuwa imepeleka Mzenga mashine ya kusaga mihogo, kwa kikundi cha akina mama. Mafundi wakuu walikuwa wawili. Fundi Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, alishika upande wa chuma. Fundi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, alishika umeme. Walikuwa watani hasa. Pazi akimwona mwenzake tu: "Mnyamwezi, njoo ubebe mzigo, ndiyo kazi iliyowaleta pwani!" Naye Maganga: "Nitabeba, maana ninyi mnacheza ngoma hadi nguo zinawakimbia." Karakana ikicheka, kazi ikienda.

Kisha mkurugenzi, mbele ya wageni, akasema mashine ile ni "ya Maganga." Neno moja tu. Pazi akanuna. Maganga hakulikanusha, lilimkolea. Utani ukafa hapo hapo. Ukiona watani wameanza kuitana "bwana," mwanangu, jua kuna moto chini ya majivu.

Tangu hapo walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie huyo bwana asogeze waya wake." Na huyo bwana amesimama pale pale, anasikia! Nami, mtu ninayeogopa kukosea hata salamu, niliyapeleka maneno yao nikiwa nimeyapiga msasa. Naongeza "tafadhali" ambayo hakuna aliyeitamka, napunguza ukali, narudia moyoni nisije nikakosea. Nilijiona mpatanishi.

Tulipowasha mashine kule Mzenga, mota ilizunguka kinyume. Mihogo ikarushwa nje badala ya kuvutwa ndani. Dawa yake ni kubadilisha nafasi za nyaya mbili, basi. Lakini Pazi hakuwa tayari kuomba, na Maganga hakuwa tayari kugusa bila kuombwa. Nyuma yetu mihogo ya kikundi kizima ilikuwa imeshang'olewa na kumenywa, imerundikwa juu ya maturubai. Muhogo uliong'olewa haumsubiri mtu apoe moyo. Kesho yake ulikuwa umeanza kuweka michirizi myeusi.

Asubuhi hiyo tulimkuta Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa kikundi, ameifunika mashine shuka jeupe. Akina mama wamekaa mikekani, kanga vichwani.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Tumefiwa. Mtani wetu Mnyamwezi yuko wapi? Hatuziki mtani hajafika."

Mila unaijua: msibani mtani hukejeli, hudai, hulia kilio cha uongo, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Wala yeye hana ruhusa ya kususa. Maganga alisimama kama kigingi.

Bi Mwanaidi akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, ndiye mbeba jeneza. Wasingekuwa na miguu yako, wangetumia midomo yao."

Nilihisi uso unawaka. Wakati huo huo Pazi akaniinamia sikioni: "Mwambie huyo bwana..."

"Simwambii!" Sauti ilitoka kubwa hata nikaishangaa. "Huyo hapo, mwambie mwenyewe. Mkitaka nifukuzeni, lakini neno jingine silibebi."

Maganga akasogea, akalifunua shuka, akaangua kilio: "Ole wangu, marehemu kafia ngomani kama Mzaramo mwenyewe! Mtani, alikuwa akizungukaje?"

Pazi alibana midomo, ikamshinda. "Kinyume, kama akili zenu za Tabora! Njoo ubebe mzigo wako, Mnyamwezi."

Nyaya zilibadilishwa kabla chai haijapoa. Mashine ikasaga. Ila nusu ya mihogo ilikuwa imeshaharibika, na akina mama waliimwaga shimoni tukiwatazama. Kicheko chetu hakikuifufua.

Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sikubali. Waulize wafugaji waliohamia kule Kwala: hukaa kila siku, mradi hakuna anayewachochea. Husema pia wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Nyasi hazina miguu, mwanangu, wewe unayo. Basi kataa. Wakubwa wakigombania jina, usiwe mdomo wa mtu mwenye mdomo, hata wakikuita mkaidi. Kazi ikistawi, jina litawatosha wote. Ikioza, hakuna atakayelitaka. Nawe ukija kuwa fundi mkuu, ukausikia ulimi wako unaanza "mwambie huyo bwana," uung'ate, kisha umfuate mwenyewe.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na moyo usiosusa. Akupe na watani wa kukusema hadi uzeeni. Haya, washa mota hiyo. Ikizunguka kinyume, sema kwa sauti.