Namba Sita ya Nyamvula

Nyamvula, dada mdogo wa marehemu mume wangu, ameshona mifuko ya suruali kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja cha nguo huku Changamwe. Alisomesha watoto watatu kwa cherehani hiyo. Na baba yake, Mzee Ruwa, alipopooza upande wa kushoto mwaka jana, ni yeye aliyemchukua nyumbani kwake Magongo, sisi wenye nyumba kubwa tukibaki na sababu zetu. Hilo nalitaja kwanza, kwa kuwa siku hizi watu wanataja jingine.

Simu kubwa alinunuliwa na mwanawe. Akaanza na mchezo wa kupasua matunda, kisha ludo na mawifi, kisha ile michezo ya status za WhatsApp inayozunguka kila mahali: unachagua namba, unaletewa sentensi, unaibandika bila kueleza lolote hadi jioni. Mwezi uliotangulia alibandika kwamba ameposwa na mzungu wa Nyali. Tulicheka wiki nzima.

Jumamosi ile alichagua sita. Sentensi ikaja: "Baba ametuacha. Tuombeane." Aliibandika akiwa kwenye foleni ya langoni, saa moja asubuhi, akacheka na wenzake, akaikabidhi simu kwa mlinzi kama wafanyakazi wote wanavyotakiwa, akaingia zamu hadi saa kumi na mbili jioni.

Saa mbili nilianza kupokea pole. Nikampigia binti yangu Kafedha, ambaye kila Jumamosi hushinda Magongo akimwangalia babu yake.

"Mama, usilie! Ni mchezo. Mimi ndiye niliyemtumia shangazi."

"Mchezo wa kumuua babu yako?"

"Sikujua atachagua sita. Mimi nilipata 'nimeacha kazi'."

Daktari alikuwa ametuonya: mshtuko mmoja tu, Mzee hataamka. Nikaandika kwenye kundi la ukoo kwamba yu hai, wasije. Hakuna aliyeamini. Mume wangu alipofariki, niliwaambia watu kutwa nzima kwamba yu hai, amelala tu, mpaka wazee wafike na msiba utangazwe kwa heshima. Sasa wakanijibu kwa upole: "Tumeelewa, Mwalimu. Tuko njiani." Kafedha akatuma picha ya Mzee akinywa uji. Wakaisambaza, wakiwa wameizungushia mishumaa.

Kaingu, mpwa wa Mzee, alikuwa akitoka Kaloleni na gari la akina mama. "Mzee hajafa, Kaingu!" nikamwambia kwa simu.

"Ndiyo, mama," akajibu, kama anayemliwaza mfiwa. "Wewe jikaze."

Ikabaki njia moja, Nyamvula mwenyewe aifute ile sentensi. Nikaenda kiwandani.

"Simu iko kwa sanduku, mama," mlinzi akasema, mtu mzima wa Ukambani aitwaye Kyalo. "Na mtu wa zamu haitwi nje, isipokuwa kuna msiba. Sasa, ni msiba ama si msiba?"

Neno moja tu lilitakiwa. Mbele yake palikuwa na daftari la wageni, na jina letu nimeshaliandika humo kwa mkono wangu; kifo cha uongo nacho kingeandikwa kando yake.

"Si msiba," nikasema.

"Basi ni jioni, mama."

Nilifika Magongo nyuma ya gari la Kaingu. Wanawake walikuwa wakishuka, leso viunoni, kilio kimeanza tangu barabarani. Mzee alikuwa barazani. Alilisikiliza jina lake likiitwa jinsi yanavyoitwa majina ya wafu. Hakuanguka. Walipomwona wakanyamaza mmoja mmoja, mikono ingali kichwani.

"Nani kawaambia?" akauliza, kwa upande wa mdomo uliobaki.

Kaingu akanitazama mimi.

"Nyamvula, Baba," nikasema. "Ni mchezo wa simu."

"Nyamvula," akarudia. Akasukuma kikombe cha uji. "Basi nitandikieni mkeka."

Hakula tena siku hiyo, wala hakuna aliyethubutu kuondoka. Waliketi chini wakimtazama. Magari mengine mawili yalifika, na wote walioshuka wakalia kwanza kabla ya kuelezwa.

Jioni Nyamvula aliingia mbio, koti la kazi limejaa nyuzi, kicheko cha woga midomoni.

"Baba, shikamoo. Baba, tulikuwa tunacheza tu."

Mzee alikuwa bado mkekani. Amelala chali kama maiti, shuka limevutwa hadi kidevuni.

"Wenzako wote wamelia," akamwambia. "Umebaki wewe."