Risasi Yenye Haikukuwa mu Mugongo Yangu

Bandugu, nasema mbio, sipendi kuzunguka. Kabla ya ugonjwa, kila jioni nilikuwa nacheza mupira, na examen d'État, mutihani ya kumaliza secondaire, ilikuwa karibu.

Ilianza na jicho ya kushoto. Ikauma, ikaona moshi tu. Kisha miguu ikakufa ganzi. Nikiinamisha shingo, umeme inapita mugongo mpaka ku vidole. Siku moja nikayumba mbele ya bariere ya baaskari mu barabara. Askari akasema, "Weye, mulevi!" Akanipiga kitako ya bunduki mu mbavu. Nikajikojolea pale, bamama benye kuuzisha samaki ya Tchomia banaangalia.

Nyumbani, noko yangu, kaka ya mama, akajifanya munganga. Wakati ya vita, nikiwa mutoto, risasi ilinipitia ku mugongo. Kovu iko.

"Ile risasi ilibakia, sasa inatembea," akasema. "Tunaitosha leo."

"Noko, twende kwanza hospitali!"

"Nyamaza, champion!"

Bayaya, bakubwa yangu, bakanilalia mabega. Noko akapasua kovu na wembe, akaingiza kidole ndani ya nyama, anatafuta. Nililia mpaka sauti ikakatika. Hakuna kitu. Akataka kupasua pembeni. Mama akaingia na mupini ya jembe: "Umuguse tena, navunja ile mukono!"

Hospitali ya Bunia bakanipiga radio, ile picha ya ndani ya mwili: ilionyesha mifupa, bila chuma. Noko akasema radio ni ya uongo. Kisha sindano ndefu ya kuvuta maji ya mugongo, bayapime. Ile inauma, sidanganye. Lakini haikukuwa méningite, homa ya uti wa mugongo.

Munganga akatuelezea: "Radio haione neva. Maji inapunguza mashaka. Kuona kidonda yenyewe, ni IRM, machine ya kupiga picha ya bongo na neva."

IRM ilikuwa Kampala. Tukashuka Kasenyi, tukavuka ziwa na noko. Kule banauliza kwanza: "Uko na chuma mu mwili?" Sababu ile machine ni simaku, inavuta chuma, inaweza kurarua nyama. Bote siye ba Ituri, benye vita ilipitia, tungejibu nini? Nikatosha picha ya radio. Noko akaangalia chini.

IRM ikaonyesha madoa mu bongo na mu mugongo. Sclérose en plaques. Munganga ya kule akaeleza: askari ya mwili banashambulia neva yako mwenyewe.

Noko akasema, "Kumbe hata ndani kuko groupe armé, sawa baasi ba pori?" Tulicheka, nikalia.

Bakanitia dawa ya cortisone mu serum, ikaingia mu mushipa. Jicho ikafunguka. Miguu ikarudia, polepole. Ugonjwa haiishe, lakini natembea.

Aksanti Mungu, aksanti mama. Nabaomba: muntu akiyumbayumba, musimushike kwa kumupasua. Mumushike asianguke, mumupeleke bamupime.