Njia ya Trekta

Mama Pasi alikuwa mtu wa mashuka. Asubuhi hadi alasiri alisimama katika chumba cha dobi cha hospitali, akinyoosha mashuka kwenye pasi kubwa yenye joto la kuunguza kope, na wenzake ndio waliombandika jina hilo. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa hadi alipoanguka akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembea kwa magongo, na dunia yake ikawa sebule, ukumbi na choo.

Siku moja, akitazama picha ya maporomoko kwenye kalenda ya msitu wa taifa ukutani, mume alisema, "Kumbe msitu huu wa taifa uko karibu hivi, na mimi sijaukanyaga." Mama Pasi akaliokota neno hilo kama dhahabu. Tutakwenda, alijiambia, potelea mbali.

Akapiga simu ofisi ya msitu.

"Samahani kaka, njia ya kwenda kwenye maporomoko ina ngazi?"

"Njia ni nzuri tu, mama. Karibuni."

"Nzuri ndiyo, lakini ina ngazi? Mume wangu anatembea kwa magongo."

"Aah, ni mwendo mfupi tu."

"Mfupi kwa nani?"

Simu ikapelekwa kwa mwingine, naye akasema njia ni nzuri tu. Wa tatu akamwambia apige kesho, bosi yuko kwenye mkutano. Kesho yake bosi alikuwa kwenye mkutano.

Nyumbani nako mambo yakazidi kuharibika. Dada yake mkubwa alipopata habari akaishika safari kwa mikono miwili: akaalika watu, akapanga spika ya muziki, akachagua na nguo za rangi moja.

"Na shemeji yako je?" Mama Pasi aliuliza.

"Shemeji atakaa kwenye gari, tutampelekea chakula. Si atapata hewa?"

Mume alikuwa sebuleni, ameyasikia yote. "Nendeni tu," alisema bila kugeuka. "Mimi nitalinda nyumba."

Siku yake ya mapumziko ilipofika, Mama Pasi akaaga kwamba anaenda sokoni, akapanda basi hadi msituni akajionee mwenyewe. Ngazi zilikuwepo, tena za magogo, zimeoza, zinateleza kama sabuni. Alizipanda akishikilia mizizi, akayaona maporomoko, wala hayakumfurahisha. Wakati wa kushuka ndipo alipoiona barabara pana ya udongo mgumu, tambarare, inayoelekea kwenye maporomoko, imefungwa kwa mnyororo na kufuli.

"Hiyo ni ya trekta," mlinzi wa getini alimwambia. "Wageni hawapiti."

"Magongo yangepita vizuri sana hapa."

"Nakuelewa, mama. Ila ufunguo anao bosi."

"Na bosi yuko kwenye mkutano."

"Umejuaje?"

Alirudi nyumbani na tope hadi magotini, kikapu kitupu. Mume akamtazama viatu.

"Soko gani lina tope jekundu?"

Akamweleza yote. Alitegemea shukrani, au hata pole.

"Kwa hiyo wewe umeshauona," mume alisema. "Umekwenda kunikagulia, kama mtoto."

Mama Pasi alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaosha viatu kwa hasira mpaka soli ikaanza kubanduka. Kila alichokishika kwenye safari hii kilimgeukia. Akiwa pale akasikia sauti ya mumewe, ile ya zamani ya kuwafokea vibarua juu ya paa. Alikuwa kwenye simu.

"Mwambie atoke huko mkutanoni! Mimi ndiye mwenye magongo, nisemeshe mimi!"

Bosi alitoka. Mnyororo ungefunguliwa, ila katikati ya wiki tu, na watu wawili tu, bila muziki. Dada mkubwa alinuna, akasema ametupwa kama takataka. Na Mama Pasi, ili apate nafasi siku hiyo, ilimbidi ambembeleze mwenzake wa zamu ambaye walikuwa hawasalimiani, akakubaliwa baada ya kusimangwa vya kutosha.

Wakaenda. Barabara ilikuwa nzuri kweli, lakini mume alikuwa amekaa ndani muda mrefu mno. Kabla ya kona ya mwisho pumzi ilimwishia. Akaketi kwenye gogo. Maji yalisikika, hayakuonekana.

"Pale tu, mume wangu. Kona moja."

"Mimi nimefika."

Mama Pasi alitaka kupiga kelele. Simu zote zile, masimango yote yale, kwa ajili ya gogo!

"Nenda ukayatazame," mume alimwambia.

"Siendi popote," alijibu kwa ukali, akaketi kando yake kwa kishindo. Mume akasogea kidogo ampe nafasi, akainua uso kwenye matawi, akaanza kuuliza mti huu unaitwaje, na ule je. Mama Pasi hakujua hata mmoja, na bado alikuwa amekasirika, lakini alimjibu.

"Huo? Sijui. Muulize bosi."

Mume akacheka mpaka akakohoa.