Kisima Nilichokifungua kwa Siri

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo bwana afya alikuja kufunga kisima cha marehemu baba. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkaidi, na nilidhani ukaidi ndio uanaume. Nakusimulia wewe kwa sababu juzi nilikuona ukipita mtaani kwetu na simu, ukipiga picha vyoo na visima vya watu kwa kazi yako ya afya, na nikakusikia ukilalamika kwamba wazee wa Isiolo hawaelewi kitu. Kaa kidogo. Tunaelewa zaidi ya unavyofikiri, na tumekosea zaidi ya tunavyosema.

Kisima kile baba alikichimba kwa mikono yake alipotoka malishoni kule Merti, wakati upande huu wa mji ulikuwa miti ya miiba na mbuzi tu. Kwetu Waborana kisima kina heshima yake. Kina mwenyewe, kina zamu, na kuna mtu wa kusimamia zamu hizo, tunamwita abba herega. Mtu akija na kiu hatumuulizi kabila wala dini. Baba alipofariki, ndugu zangu walirudi Merti na mifugo, mama alikuwa ametangulia zamani, na mimi nikabaki peke yangu kulinda ploti. Kila asubuhi akina mama walijipanga na mitungi yao, nami nikisema nani achote na nani angoje. Nilijua nani amejifungua na mume wa nani amerudi kutoka safari. Hao ndio waliokuwa familia yangu.

Lakini mji ulikua mbio. Watu walijenga vyumba vya kupanga kila upande, ploti moja ikagawanywa mara nne, na kila kipande kikachimba choo chake cha shimo. Huko malishoni tulikuwa tunahama. Boma likichafuka tunaliacha, jua na mvua vinalisafisha, sisi tunajenga kwingine. Tulipokuja mjini tuliacha kuhama lakini tabia tukabaki nayo. Hakuna aliyejiuliza yale ya chooni yanaelekea wapi huko chini. Mimi nilikuwa wa kwanza kutojiuliza.

Bwana afya alikuwa Mmeru mmoja mpole, jina lake Mwirigi. Alipima maji, akanieleza taratibu kwamba vyoo vimesogea sana na maji yameharibika. Akaweka kifuniko cha mbao, akakifunga kwa waya na kukipaka rangi nyekundu, kisha akawaonyesha watu kioski cha maji ya bomba kule barabarani. Kazi yake aliifanya vizuri, siwezi kumsingizia. Ila hakuniuliza nitabaki na nani, na mimi sikumwambia. Kijana wa rika langu angeanzia wapi kusema neno kama hilo?

Kesho yake hakuja mtu. Wala kesho kutwa. Nilikunywa chai nikiangalia lango, nikafagia uwanja ambao haukuwa na alama ya mguu wowote isipokuwa wangu. Nilifikia hatua ya kumsalimia mbuzi wa jirani, naye hata hakugeuka. Unaweza kucheka, mimi pia sasa hucheka kidogo. Wakati ule sikucheka. Upweke unauma, mwanangu, na mwenye kuumwa nao hana pa kuonyesha kidonda.

Siku ya tisa nilichukua koleo nikakata ule waya.

Aliyepita wa kwanza alikuwa Nakiru, mama wa Kiturkana aliyekaa vyumba vya nyuma. Tangu mama yangu afariki, yeye ndiye aliyekuwa akiniita mwanangu. Alikuwa anatoka kioskini na mtungi mgongoni, anahema. Nikamwambia, "Mama, wamepima tena. Maji iko sawa."

Hakuniuliza swali hata moja. Alishusha mtungi, akaketi kwenye jiwe la kisima kama zamani, tukaongea mpaka jua likawa kali. Nilifurahi mno siku ile, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba nilifurahi. Akawa anachota kwangu, akawaambia majirani wawili nao wakaja. Kila wakishaondoka nilirudisha kifuniko na kuukunja waya ili asiyejua aone bado kumefungwa.

Baada ya siku tatu Nakiru alianza kuhara na kutapika, na wale majirani wawili wakafuata. Kipindupindu. Walipelekwa hospitali wakiwa hawana hata nguvu ya kuongea, kwa hivyo Mwirigi akawa anapita mlango kwa mlango akiuliza wagonjwa walikuwa wanachota wapi. Alipofika kwangu aliona kifuniko mahali pake. Nikamwambia hapa hakuna aliyechota. Akanishukuru, akaenda akafunga kioski, kwa kuwa ndicho pekee kilichobaki cha kushukiwa.

Asubuhi iliyofuata nilisikia sauti nje. Kufungua lango, nikakuta akina mama wamejipanga na mitungi mpaka kona. Kioski kimefungwa, hawana maji, watoto nyumbani wana kiu. Wakaniomba niwafungulie, kwa sababu kisima cha baba hakijawahi kumnyima mtu. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiombea kwa siku zote zile, foleni langoni kwangu, na jina langu linaitwa. Nilishika ule waya, kisha nikauachia.

Nikawaambia, "Hii maji ndio imefanya Nakiru mgonjwa. Ni mimi nilifungua, na nikamdanganya."

Hakuna aliyenitukana. Walichukua mitungi yao wakaondoka mmoja mmoja, wengine hata bila kuniangalia. Nikatembea hadi ofisini kwa Mwirigi nikarudia maneno yale yale, na kabla ya adhuhuri kioski kikafunguliwa. Kisima tulikijaza mawe na udongo. Mawe mengi niliyabeba mimi.

Mungu alituhurumia, wote watatu walipona. Nilipokwenda kumwona Nakiru alikuwa bado na dripu mkononi. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Yeye akasema, "Ungeniambia tu uko peke yako. Ningekuja hata bila mtungi."

Binti yake alikuja akamchukua, wakaenda Oldonyiro. Kila kiangazi nilisema mwaka huu nitakwenda kumsalimia, na kila mwaka aibu ikanirudisha. Siku moja watu wa huko waliokuja mnada wa mifugo wakaniletea habari kwamba ameshazikwa.

Basi sikiliza. Kisima kibaya kifunge siku hiyo hiyo, usimwonee mwenyewe huruma, hata akikulilia. Lakini kesho yake rudi kwake. Muulize atakaa na nani. Mpe kazi ya kusimamia foleni pale kioskini, maana yeye anawajua watu kwa majina, na watamsikiliza kuliko wewe na karatasi zako. Mji unaokua namna hii umejaa watu wasiojuana, na mtu asiyejulikana na yeyote ataficha ugonjwa, ataficha choo kilichofurika, ataficha hata kosa lake, apate tu mtu wa kuongea naye. Na ukikosea, sema siku hiyo. Mwirigi aliponiuliza, mimi nilimficha siku moja tu, na katika siku hiyo maji safi ndiyo yaliyofungwa.

Mungu akuepushe na maradhi ya mji huu. Akupe miguu ya kufika kila mlango, na subira ya kukaa hata pale kazi ilipokwisha. Na ukipita tena kwangu, ingia ndani. Sina kisima, wala sina sababu nyingine ya kukuita. Niko peke yangu, mwanangu.