Unga Mlangoni pa Anti Selvi

Juzi nilikuwa nachekecha unga wa mchele wa vitumbua, ukanimwagikia kidogo sakafuni. Kabla sijafuata ufagio, sisimizi walishaupata. Nikabaki nimechuchumaa, nawatazama wanavyoubeba, na harufu ile ya unga mkavu ikanirudisha utotoni, mtaa wa Igogo kando ya ziwa, mlangoni kwa mwanamke ambaye mpaka leo sijamsimulia mtu habari zake.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tukahama kutoka Kisesa na kupanga chumba kimoja cha uani pale Igogo. Yeye akaenda kwenye visiwa vya ziwa kuwafuata sangara, akirudi mara mojamoja. Mama alitoka alfajiri kwenda kuuza dagaa. Mimi nikabaki na watoto wa mtaa, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuigiza Kiswahili changu chenye Kisukuma ndani yake. Nikaona heri ninyamaze. Kuna siku nilifika jioni sijafungua mdomo tangu mama alipotoka.

Vyumba vya mbele vya nyumba ile walipanga Anti Selvi na mumewe. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, na mumewe aliletwa kutoka kusini mwa India kuja kukagua samaki. Kwa kuwa hawakuwa na mtoto, akina mama hawakujua wamwite mama nani, wakaishia kumwita Mhindi wa mbele. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, naye akanijibu shikamoo. Tukatazamana, salamu imekosa mpokeaji.

Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango wake, akanyunyiza maji vumbi litulie, kisha akainama na bakuli la unga wa mchele. Aliuachia upite katikati ya vidole, akaweka vitone, halafu akavizungushia mstari mmoja mrefu uliopinda na kurudi ulikoanzia bila kukatika. Ni kitu kizuri sana. Ila nyinyi mnaojua mitaa yetu mmeshabashiri kilichosemwa. Mama Kulwa, jirani yetu, aliuzunguka mchoro ule kwa mbali kama anayekwepa nyoka, akaja kumwambia mama, "Unga mlangoni kila siku, na kuzaa hajazaa? Hiyo siyo bure." Mama akanikataza hata kupita upande ule.

Nilitii wiki moja. Upweke ukanishinda.

Anti Selvi hakushangaa kuniona. Alinisogezea kigoda, na tangu hapo kila asubuhi, mama akishaondoka, nilikaa pale mpaka saa ya shule, kwa kuwa tuliingia mchana. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alinihamishia kijijini kwao. Vitone saba vya katikati, alisema, ni familia saba zilizofika pale zamani za ukame, zikachimba bwawa kabla ya kujenga hata nyumba moja. Bwawa hilo lipo mpaka leo, na kila mwaka kabla ya mvua kila kaya huchota humo kikapu cha tope ili kulisafisha, hata mwenye mali, hata bibi kizee, ambaye kikapu chake huwa kidogo kama sahani. Nyumba zao zimeshikana kuta, na kila moja ina baraza nje ili mpita njia apumzike bila kuomba ruhusa. Siku ya sikukuu wanavuta gari kubwa la mbao la hekalu kwa kamba, kijiji kizima. Mama yake huishika kamba kwa vidole viwili tu, kisha hujisifu mwaka mzima kwamba gari amelivuta yeye.

Na kila mlango huchorwa unga asubuhi. Ni ili sisimizi wapate kula kwanza, na mgeni ajue kuwa humu ndani ni salama, karibu. Akifa mtu, mtaa wote huacha milango mitupu. Alinisimulia akicheka kwamba siku aliyofika Igogo aliona milango mitupu mtaa mzima, akamshika mumewe mkono na kumuuliza, "Nani amekufa hapa?" Nami nikacheka. Nilikuwa mtoto, nikaliweka jambo hilo pamoja na vichekesho.

Siku moja ikaja barua. Kesho yake mlango wa Anti Selvi ulikuwa umefungwa na mbele yake hapakuwa na kitu. Vilevile siku ya pili, na ya tatu. Mama Kulwa alifurahi waziwazi. Akasema hatimaye yule mama ameachana na mambo yake. Hata mama alipumua. Mimi niliogopa. Nilidhani maneno yao yamemfikia na amechukia mtaa mzima pamoja na mimi, na kama nikimpoteza yeye sina mwingine.

Basi asubuhi ya nne nilichota kikombe cha sembe ya mama, nikafagia, nikanyunyiza maji, nikaanza. Vitone vyangu vilikuwa vikubwa kama maharage, na mstari ulikatika mara mbili, lakini saba nilivitimiza. Nilikuwa bado nimepiga magoti mlango ulipofunguka.

Nywele zake hakuzifunga, na macho yalikuwa yamevimba. Aliutazama mchoro.

"Umefanya wewe?"

"Ndiyo, Anti."

Akashika mwimo wa mlango. "Nzuri," akasema. "Sasa nenda kwa mama."

Akafunga polepole. Nilikwenda kulia nyuma ya choo, maana nilijua hakuupenda mchoro wangu, na nilidhani ni kwa sababu ya mstari uliokatika. Sikurudi kwake. Baadaye mumewe alimwambia mwenye nyumba kwamba mama mzazi wa Selvi alifariki huko kijijini, na barua ilipofika alikuwa ameshachomwa moto zamani, kwa desturi yao ya maziko. Mama alisema, "Kumbe maskini," akaendelea kuchambua dagaa. Hakuna aliyekwenda kumpa pole. Kabla mwaka haujaisha wakahama.

Mama alifariki miaka mingi baadaye, tukamzika Kisesa. Nilipofika, turubai lilikuwa limeshafungwa, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na wengine niliowasahau majina walikuwa wanapika. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walinisogezea nafasi nikakaa katikati yao. Hapo, nimebanwa mabega kwa mabega, ndipo Anti Selvi aliponijia akilini, na kile kichekesho chake cha milango mitupu.

Nilikuwa nimeambiwa wazi kabisa. Siku zile mtaa wa Igogo, pasipo kujua, ulikuwa unamtendea anavyotendewa mfiwa kijijini kwao: milango yote mitupu, kuanzia kwa Mama Kulwa mpaka ziwani. Huenda aliiangalia kupitia dirishani na kujiliwaza kidogo kwamba hayuko peke yake. Asubuhi ya nne alipofungua, mlango mmoja tu katika mtaa mzima ulikuwa unasema humu ndani ni salama. Ulikuwa wake, na niliyeuchora ni mimi. Naye hakuufuta mchoro ule. Aliniambia nzuri, na siku zote zilizofuata nilimwona akitoka na kuingia kwa kupitia pembeni, asiukanyage, mpaka sisimizi walipoumaliza.