Kibwagizo Nilichokifuta

Chuo kikuu kimoja cha Dodoma kilinipa muhula mzima, ofisi yenye dirisha, na cheo kilichonivimbisha kichwa: mshairi mkaazi. Kazi ilikuwa kuandika mashairi yangu, na siku mbili kwa wiki kukaa mlango wazi ili mwanafunzi yeyote mwenye shairi lake aingie tulitazame. Siku ya kwanza nilifika kabla ya wafagizi. Nilipanga viti vitatu, nikavipanga upya, nikachungulia korido. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningemkumbatia hata aliyepotea njia.

Waliokuja walitaka niwaandikie mimi. Mmoja alihitaji beti za kumwomba mpenzi wake msamaha, mwingine za siku ya kuzaliwa ya bosi wa mama yake. Mimi nina hasira za karibu. Wiki ya tatu nikabandika karatasi mlangoni: HAPA HATUSHONI MASHAIRI YA ODA. Niliipenda sana karatasi ile.

Siku hiyohiyo binti mmoja anayesomea takwimu aliisoma yote, kisha akabisha hodi.

"Shikamoo mwalimu. Mimi nimekuja na langu. Naomba tu ulicheki kama liko sawa."

Nusura niruke kitini. Kwao ni Hombolo, wanalima zabibu. Dada yake mkubwa alikuwa anaolewa, na siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, baba ndiye husimama akasema maneno ya kumkabidhi kwa wakwe. Baba yao alishafariki. Baba mdogo alikuwa tayari kusimama, lakini bibi harusi akasema anamtaka mdogo wake. Baba mdogo akakubali kwa sharti moja: binti akikwama tu, yeye anachukua maiki.

"Na mimi, mwalimu, hata presentation darasani naogopa," akasema. "Nikikwama, dada ataagwa na mtu ambaye hakumchagua."

Tulifanya kazi wiki nne. Mizani alizihesabu upesi kuliko mimi. Tuligombana kwa jambo moja: beti zake zote sita alizifunga kwa kibwagizo kilekile.

*Nenda mwana kwa amani, nyumba hii bado yako.*

Nilimwambia kurudia mstari ni uvivu, nikaufuta kwa wino mwekundu. Wiki iliyofuata akaurudisha. Nikaufuta tena.

"Halafu dada yako mkubwa unamwitaje mwana?"

"Nasema kwa mdomo wa baba, mwalimu. Na kwetu mtu haimbi peke yake. Ukianza, wenzako wanakupokea."

"Hili ni shairi, si ngoma!" nikafoka. Akatabasamu kwa adabu, akauacha palepale.

Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi mmoja wa Nzuguni. Shati nililipiga pasi mara mbili, na kwa kiherehere nilimshinda bibi harusi. Meza za nyuma walikaa akina mama wa Hombolo waliovaa kitenge cha sare, baadhi yao Kiswahili wanakisema kwa kukichagua neno moja moja. Mshereheshaji akamwita binti yetu mbele.

Ubeti wa kwanza sauti ilikuwa nyembamba. Wa pili ikapanda, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Katikati ya ubeti wa tatu akafika penye mizabibu aliyoipanda baba yao, akakwama. Baba mdogo akainuka kwenye kiti, na mimi nikainuka nimsemee mstari kwa mbali, lakini sikuwahi.

Mama mmoja wa meza za nyuma akakianza kibwagizo. Wenzake wakampokea, hawa juu, hawa chini, kama wanavyoimba kwao, mpaka meza za wakwe nazo zikaingia. Wakakirudia mara ya pili, mara ya tatu, bila haraka, kama vile ubeti ulitungwa ukatike hapo. Baba mdogo alibaki amesimama katikati ya ukumbi, naye akaimba. Mimi nilipaza sauti kuliko wote, sioni aibu kusema, na sikumbuki lini nimefurahi vile kwa kukosea.

Binti akavuta pumzi. Akaushika tena ubeti wa tatu, akaumaliza, akaja wa nne, na kila mwisho ukumbi mzima ulimpokea. Mpaka wa sita alikuwa haitazami tena karatasi, na baba mdogo alikuwa ameshaketi.

Vigelegele vilipopungua, bibi harusi akashuka jukwaani na gauni lake refu, akaja mpaka mbele ya mdogo wake, huyu ambaye tangu ajue kusema ndiye amekuwa akimwamkia yeye. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Mdogo wake akamtazama, machozi yakimtoka. Kisha akanyoosha mkono, akamwekea kichwani.

"Marahaba, mwanangu."