Maneno ya Kampeni

Bweni letu la chuo pale Guangzhou linakataza kupika chumbani, kwa hiyo jiko letu la umeme liliishi kabatini, chini ya mabaibui yangu. Kila asubuhi tulilitoa, tukakoroga uji, na uji ukianza kutokota tulimsikiliza mama. Hakuwa mama yangu, alikuwa wa mwenzangu wa chumba. Aliishi Marekani, ambako saa hizo ni jioni. Akitoka kwenye kazi yake ya kuogesha wazee, alimtumia bintiye ujumbe wa sauti kwenye simu: kwanza sala, kisha habari za kanisani, kisha kunisimanga mimi kwa kutojua kusonga ugali wa muhogo. Mimi ni mtu wa Tanga, muhogo kwetu unapikwa kwa nazi, na nilimjibu papo hapo. Tulipendana hivyo, mimi na yule mama, bila kuonana hata siku moja.

Mwenzangu alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Aliniita yaya, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa huko kwao, ingawa nilimzidi kidogo tu. Mama yake alikimbia vita, akafika Marekani, akaomba hifadhi, na ombi lake lilikuwa halijajibiwa. Kila baada ya muda alitakiwa kwenda ofisi ya uhamiaji kuripoti. Anaingia, anaulizwa anaishi wapi, anatoka, anapitia kuku sokoni. Alikuwa anatusimulia hata bei ya kuku.

Muhula ule tulikuwa na somo la siasa na jamii ya Marekani, na uchaguzi wao wa rais ulikuwa umekaribia. Mwalimu wetu, Mchina mpole wa makamo ambaye hata umbane vipi hakuambii anamtaka nani, alisema anataka kusikia sisi wageni tunauonaje. Jamani! Watu wa Afrika Mashariki uwape siasa asubuhi, wakiwa wamekunywa chai? Darasa likawa uwanja wa mpira. Aliyeongoza kelele alikuwa mwenyekiti wa umoja wetu wa wanafunzi, Mtanzania wa Mwanza, mwenye sauti ya kuuzia sumu ya panya mnadani. Yeye alikuwa shabiki wa mgombea mkali, yule aliyeahidi kuwafukuza wageni.

"Yule anaongea kama mjomba wangu," alisema. "Hafichi kitu."

"Na mjomba wako ndiye umpe nchi?" nilimuuliza. Watu wakacheka.

Mwenzangu hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza, taratibu kabisa, kama wageni watafukuzwa kweli. Mwenyekiti akamgeukia kwa huruma. "Dada yangu, hayo ni maneno ya kampeni. Kwetu daraja limeahidiwa tangu baba yangu hajaoa. Umeliona? Mimi bado nazunguka kwa kivuko." Darasa likaangua kicheko. Mkenya mmoja akatoa la kwao, barabara inayozinduliwa kila uchaguzi. Na mimi nikatoa la Tanga, bomba la maji lililokuja na mgombea likaondoka naye. Tulicheka mpaka machozi. Kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi.

Msichana mmoja wa Kichina, aliyekaa mbele siku zote, aligeuka akatutazama mmoja mmoja. "Lakini amesema atafanya," alisema. "Kwa nini mnaamini hatafanya?"

Mwenyekiti alimwambia asiwe na shaka, atakuja kutembea kwetu aone. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatuambia tufungue ukurasa unaofuata. Sikulipenda lile swali. Nilimkasirikia yule msichana bure siku nzima.

Wiki zile kule mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya jumla ya midoli na vifaa vya shule, zilipangwa kofia za kampeni za Marekani, za upande huu na za upande ule, kapu moja. Mwenyekiti alinunua nyekundu, ya mgombea wake, akaivaa mpaka kwenye bwalo la chakula. Alitaka kumvisha mwenzangu kwa utani, naye akaruka pembeni kama ameona nyoka. "Mkongo huyu mwoga!" akasema mwenyekiti. Nikamwambia akome.

Matokeo yalitufikia darasani mchana, kila mtu na simu chini ya meza. Mwenyekiti alipaza sauti kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Mgombea wake ameshinda. Makubaliano yetu yalikuwa upande ulioshindwa uwapikie washindi pilau, basi mimi na mwenzangu tukapika. Nakumbuka alikuwa anachambua mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja.

Baada ya yule rais kuapishwa, zile sauti za asubuhi zilibadilika. Sala zilirefuka, kusimangwa kwangu kukaisha. Mama alisema kanisani viti vimekuwa vitupu. Mara akasema jirani wa ghorofa ya chini, baba wa watoto, alitoka kwenda kazini na gari lake bado liko barabarani, hakuna wa kuliondoa. Alianza kuongea kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Tuliacha kuongeza sukari kwenye uji kwa kusahau, tukawa tunaunywa hivyo hivyo.

Kisha siku ya kuripoti ikakaribia, na asubuhi moja mama hakuanza na sala. "Mwanangu," alisema, "wewe ndiye unasoma mambo ya hawa watu. Wengine wananiambia nisiende, wanasema wanaoenda hawarudi. Wengine wanasema nisipoenda nitakuwa nimevunja sheria. Niende, ama nikae? Utakachosema wewe ndicho nitafanya."

Mwenzangu aliisikiliza sauti ile mara nyingi. Mwisho akasema, "Yaya, tufanye nini?" Nikamwambia twende Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, tukaulize watu.

Siku ya Jumapili wengi wetu tulikuwa tunakula pale, kwenye mgahawa wa ghorofani, wafanyabiashara wakifunga marobota chini kwa utepe wa gundi, kraa, kraa, siku nzima. Mwenzangu aliwasha sauti ya mama, meza nzima ikasikiliza. Tulishauriana kama tunavyoshauriana mambo ya harusi, kila mtu na lake, kila mtu kwa nia njema. Mwenyekiti hakutania safari hii. Alivua kofia akaiweka chini ya kiti. "Mama hana kosa lolote," alisema. "Anafuata utaratibu. Yale yalikuwa ya majukwaani, kiongozi akishaketi kitini anatulia. Mwambie aende." Mkenya akakubali. Wote tukakubali. Mwenzangu alinitazama mimi wa mwisho, nami nikasema aende.

Akarekodi pale pale mezani. "Nenda, mama. Hayo ni maneno ya kampeni tu."

Asubuhi baada ya siku ile ya kuripoti uji ulitokota, ukapanda, ukamwagika sakafuni, na simu haikulia. Kesho yake kimya. Tulikwenda darasani, mwalimu akafundisha jambo, siwezi kukwambia ni jambo gani. Yule msichana wa Kichina alimletea mwenzangu chupa ya maji ya moto, akaketi karibu naye bila kusema neno. Wallahi ningependa aseme. Ningependa atukane.

Sauti iliyokuja asubuhi moja baadaye, uji ukiwa jikoni, ilikuwa ya mwanamke mwingine, muumini mwenzake mama, kwa Kiswahili cha Bukavu. Alisema alimsindikiza mama mpaka mlangoni akamsubiri nje kwenye baridi mpaka ofisi ikafungwa. Mama amebaki mikononi mwao, wamemhamishia jimbo la mbali, na atarudishwa Kongo, haijulikani lini. Mama amefanikiwa kumpigia yeye simu, kidogo tu. "Hakulia," alisema yule mwanamke. "Amesema usiache shule. Na amesema nikuulize wewe, kwa kuwa unasoma mambo ya hawa watu: sasa watafanya nini tena? Nijibu haraka, binti yangu, akipiga nimwambie."

Mwenzangu aliishusha simu mapajani, akaitazama. Kisha akanipa.

"Mjibu wewe, yaya," alisema. "Mimi nilishamjibu."

Nikabonyeza pale pa kurekodi. Mimi huyu, ambaye hakuna aliyewahi kuninyamazisha, nilishika kitufe kile mpaka kidole kikaniuma. Kilichorekodiwa ni mlio wa jiko.